Jinsi ya kusikia lugha ya hospitali na lugha ya ugeni bila kuumbuka

Simu ikiita saa tano usiku na jina kwenye kioo ni la shangazi wa mkoani, jua kabisa hiyo sio simu ya salamu. Utatoa shikamoo, ataitikia marahaba, ataulizia watoto, ataulizia kazi, ataulizia mpaka kama mvua zimeanza huko Dar, afu sauti itashuka kidogo: "baba, nimepewa rufaa." Basi, kasema tu katumwa hospitali kubwa. Hajaomba kitu. Lakini kama umekulia kwenye lugha hii unajua tayari kaomba godoro, mtu wa kumpokea stendi ya Magufuli, mtu wa kuamka naye saa kumi alfajiri kuwahi foleni, uji usio na sukari, na sehemu ya kukaa kwa muda ambao hata yeye haujui.

Mi mwaka wangu wa kwanza kupanga chumba Mbagala nilijibu "dah pole sana shangazi, Mungu atasaidia", nikalala. Kesho yake mchana ukoo mzima ulishajua mjini nimebadilika.

Kwaiyo huu mwongozo nauandika kwa ajili ya yule mimi wa kipindi kile, na kwa ndugu zetu waliokulia nje wanaokuja likizo wanajikuta wodini wanaitikia vitu sivyo. Maneno ya hospitali na maneno ya kupokea wageni kwetu yanaishi nyumba moja. Na kumbe hata huko yalikotoka ni hivyo hivyo, maana hospitali, hoteli na hosteli yote matatu mizizi yake ni neno moja la Kilatini, hospes, ambalo lilikuwa linamaanisha mgeni na mwenyeji kwa pamoja. Sisi hatukuhitaji Kilatini, tulishasema zamani mgeni njoo mwenyeji apone. Apone! Mtu hajaugua lakini mgeni akija anapona, na anayeijua nyumba yenye watoto sita na kuku watatu anaelewa, yani kuku hachinjwi mpaka aje mtu wa mbali, sa mgeni akipiga hodi watoto ndo wanapona njaa ya nyama.

Tuanze na rufaa yenyewe

Rufaa mahakamani ni kukata, hospitali ni kupewa. Ukisikia "amekata rufaa" huyo ana kesi, "amepewa rufaa" huyo anapanda basi. Usichanganye. Na ukiambiwa "nimepewa rufaa ya Muhimbili" pima uzito, hiyo ndo hospitali ya taifa ya huku Dar, na kwa mtu wa mkoani kutamka Muhimbili ni kama kusema imefika mwisho wa reli, ndo maana hata ugonjwa ukiwa mdogo tu wa macho ukisema Muhimbili watu kijijini wanaanza kuja kukuaga. Kanda ya Ziwa uzito huo uko kwa Bugando ya Mwanza, Kaskazini uko KCMC ya Moshi.

Swali linalofuata baada ya pole, na hili ndo nililokosa mimi, ni "utafikia wapi?" Kufikia sio kufika. Kufika ni basi kuingia stendi, kufikia ni nyumba utakayolala. Ukiuliza "utafika lini" umeuliza ratiba, ukiuliza "utafikia wapi" umeanza kuonyesha moyo, ila tahadhari, ukishaliuliza hilo swali huwezi kulirudisha, kwa sababu jibu lake siku zote ni ukimya wa sekunde mbili halafu "sijui baba, nilikuwa nakufikiria wewe." Anayejua kabisa haulizi hata, anasema tu "njoo shangazi, chumba kipo" wakati chumba hakipo. Kuna mzungu wa nne.

Mzungu wa nne, kwa wasiojua, ni kulala wawili au zaidi kitanda kimoja, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Limetoka kwenye karata, ile picha yenye kichwa juu na kichwa kingine chini. Nimelala mzungu wa nne na binamu zangu utoto mzima kila wageni wakija na nimeshaliona pia wodini, wagonjwa wawili kitanda kimoja, mmoja wa mguu mmoja wa tumbo, wamelala hivyo hivyo na wameshakuwa ndugu, wanagawana machungwa.

Kusoma hali ya mgonjwa kwa uji

Hapa ndo kwenye kazi, naomba uwe makini.

Ukiuliza "vipi mgonjwa?" jibu la kwanza ni "anaendelea." Hilo halijakwambia kitu, subiri kinachofuata. "Anaendelea vizuri" ikitoka haraka na mtu anakuangalia usoni ni kweli anaendelea vizuri. "Anaendelea hivyo hivyo" maana yake hakuna kilichobadilika na anayekwambia hajalala siku tatu, hapo acha kumuulizia mgonjwa, muulize yeye kala nini. "Tunamshukuru Mungu" na "tunamuomba Mungu" watu wanayachukulia sawa na sio sawa hata kidogo, anayeshukuru kuna kitu kashapata, anayeomba bado mikono mitupu.

Kipimo cha uhakika zaidi ya vyote ni uji. Ndugu hawatakwambia majibu ya vipimo, nusu hawayajui na nusu wanayaficha, ila uji watakwambia. "Leo kaonja uji" ni vijiko viwili, vya kulazimishwa. "Kanywa uji" ni kama nusu kikombe, mambo yameanza kusogea. "Kashika kikombe mwenyewe" hii hupigiwa simu, wanapigiwa mpaka walioko Masasi. "Kakataa uji, anataka ugali" basi huyo kapona, kilichobaki ni karatasi. Mi nimewahi kukaa kwenye korido nikisikiliza familia ya pembeni siku nne mfululizo, sikuwahi kuuona uso wa mgonjwa wao lakini siku mama mmoja alipotoka mle ndani amebeba hotipoti tupu akaigeuza juu chini kuonyesha wenzake, watu kama wanane wakasema alhamdulillah kwa pamoja na mi nimo.

Kuna sentensi zina sura nzuri na tumbo baya. "Leo katutambua." Mgeni akisikia hivyo anafurahi, anasema "ooh safi sana", kumbe maana yake ni kwamba mpaka jana alikuwa hatambui watu. Usiseme safi sana. Sema "Mungu mkubwa", inakaa popote. "Wamemhamishia chumba cha peke yake" nayo usikimbilie kupongeza, inategemea ni cha kulipia au ni kile cha mashine.

Na iko sentensi moja ambayo naomba ujifunze kwangu kwa bure, maana mi niliilipia. "Mgonjwa amezidiwa kidogo, jitahidi uje leo leo." Nilipigiwa hiyo kuhusu babu. Nikahesabu hela, nikaona mshahara unatoka Ijumaa, nikajibu nakuja Ijumaa. Nimefika nakuta wanaanua matanga. Kwenye hiyo sentensi neno la kusikiliza sio "amezidiwa", neno ni "leo leo". Na cha pili angalia nani kapiga, kama siku zote anayekupa habari ni mdogo wako halafu leo kapiga baba mdogo ambaye hajawahi kukupigia tangu ununue laini, na anaongea taratibu kama anasoma, we usiulize maswali, tafuta nauli. Kwetu msiba hautangazwi kwenye simu ya mtu aliye peke yake. Wanakuita kwa ugonjwa ufike ukiwa mzima, halafu wakuambie mkiwa mmekaa.

Ukishaingia kwa daktari

Daktari wa zamu hana muda na lugha yake ni fupi. "Unasikia nini?" hapimi masikio, anauliza unajisikiaje mwilini. Binamu yangu aliyekulia Uingereza alijibu "nasikia redio", na kweli redio ilikuwa inaongea pale dirishani, nesi alicheka mpaka akakaa. Unajibu nasikia baridi, nasikia kizunguzungu, nasikia mwili kuchoka. "Unapata choo?" sio kwamba wanataka kujua kama nyumbani mmechimba, ni kama tumbo linafanya kazi. Haja ndogo na haja kubwa unazijua.

Magonjwa yetu tunayaita kwa kiungo au kwa kitu. Ana kifua, ana presha, ana sukari. Hii sukari ina vichekesho vyake maana ukisikia "sukari imepanda" itabidi uangalie kama anayeongea kashika cheti cha hospitali au kashika kikapu cha sokoni. Presha nayo imeshatoka hospitali zamani iko mtaani, mtu anakwambia "usinipandishe presha" na hajawahi kupimwa maisha yake yote.

"Katundikiwa dripu" anayetundikwa sio mgonjwa, ni lile chupa. "Kapigwa kisu" kwenye maongezi ya wodini ni operesheni, kwenye maongezi ya saa nane usiku ni polisi, kwaiyo angalia mazingira. "Yuko leba" anajifungua. "Ameanza kliniki" ukisikia kwa mdada mzima hana hata mafua, hapo hongera inaandaliwa ila usiitoe mpaka yeye aseme, na mtoto akizaliwa utasikia "wamepata mgeni". Unaona lugha inavyozunguka, mtu anatoka leba ya hospitali anaingia nyumbani kama mgeni.

Tofauti za mpakani kidogo. Kwetu bara mtu anasema "naumwa", Kenya utasikia "niko mgonjwa", na vijana wa Nairobi hospitali wanaiita hosi. Zanzibar wazee wanasema spitali, tena wanasema vizuri kuliko sisi. Ila hiyo "naumwa" ya kwetu ikigeuzwa swali na kupandishwa sauti, "we unaumwa?", hapo hupewi pole, unaambiwa akili zako hazipo sawa.

Majina ya hospitali yaliyogeuka maneno

Kila nchi ina hospitali moja ambayo jina lake limeshakuwa tusi. Ni ile ya magonjwa ya akili, na kwetu ni Mirembe ya Dodoma. "Huyu wa Mirembe", "mrudisheni Mirembe", mtoto wa darasa la pili anajua. Zanzibar ni Kidongo Chekundu, Kenya ni Mathari ambayo ipo tangu 1910, Uganda ni Butabika. Matumizi yake ni ya utani kati ya watu waliozoeana sana, na hata hapo mi siku hizi nimepunguza, nimeshasindikiza mtu huko na nimeona watu wanatibiwa wanarudi kazini kama mtu wa malaria tu, na kinachowarudisha nyuma ni huo utani wetu. Kama lazima umtanie mtu zipo "dishi limeyumba" na "nati zimelegea", angalau hizo zinamsema fundi wa luninga.

Sasa ukiambiwa "kalazwa Moi" usianze kubishana. Dar hiyo ni taasisi ya mifupa iliyopo hapo hapo Muhimbili, na ukiingia utakuta vijana wa bodaboda wamejaa miguu juu. Lakini ukimwambia Mkenya kuwa mjomba kalazwa Moi yeye akili inaenda Eldoret, kwenye hospitali yenye jina la Rais Moi. Niliwahi kumuelekeza mtu wa Kisumu kwa simu dakika kumi nzima, yeye ananiuliza ashukie stejini gani.

Muhimbili ndani huko watu hawasemi namba, wanasema majina, "yuko Kibasila", "yuko Sewa Haji", "yuko Mwaisela". Kibasila ni yule aliyepambana na Wajerumani kipindi cha Maji Maji. Sewa Haji alikuwa tajiri wa Bagamoyo karne ya 19, kazi yake kuuzia misafara mahitaji ya safari, halafu akatoa pesa zijengwe hospitali Dar. Yani jamaa alikuwa anahudumia wasafiri, jina lake sasa lipo kwenye wodi. Ukienda kumuona mgonjwa bila kujua jina la jengo utazunguka mpaka muda wa kuona wagonjwa uishe na uji upoe.

Dozi, vidonge na mashine

Haya ni ya mtaani, mepesi, unaweza kuanza nayo leo.

Dozi ni kipigo, hasa cha mpira. Timu "inagawa dozi", na nyingine "inakula dozi". Novemba 5, 2023 Yanga walipomfunga Simba 5-1 mtaani kwetu hakuna aliyesema wamefungwa, ilikuwa dozi asubuhi mchana jioni, jamaa mmoja alikuja kazini na karatasi ya duka la dawa kaandika 5x1. Wa Simba nao wakafukua ile 5-0 ya Mei 2012, wakasema dozi yenu ya kwanza hamkumaliza. Timu ikiwa mkiani mwa ligi inasemwa "inapumulia mashine", na hii inafaa pia kwa duka, kwa ndoa, kwa simu ya chaji asilimia 3. Walioshindwa uchaguzi "wanauguza majeraha", magazeti yanaipenda sana hiyo.

Kumpa mtu vidonge vyake ni kumwambia ukweli mchungu bila kumung'unya, kawaida huisha na "ameze ateme shauri yake". Hii ni ya kina mama zaidi, ya uwani na ya taarabu, mwanaume akiitumia inabidi awe na sauti nayo. "Dawa yako inachemka" ni kwamba nitakukomesha ila sio leo. Na kitu unachokipenda kupita kiasi unakiita ugonjwa, "pilau ndo ugonjwa wangu", na hapo hakuna anayekupa pole, wanakuongezea sahani.

Kikombe pia. Mwaka 2011, babu wa Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, alikuwa anagawa dawa kijijini Samunge kwa shilingi 500 kikombe, foleni ya magari ikawa kilomita na kilomita, viongozi wakubwa wakaenda, wagonjwa wakatolewa mpaka wodini. Babu kafariki 2021 lakini neno limebaki, mtu akiwa na tatizo lisilo na suluhisho wanamwambia "wewe wa kikombe", yani hospitali umeshindikana. Kikombe kimoja, mgeni anakaribishwa nacho na mgonjwa anaponea hapo hapo, au haponi.

Yako maneno ya ule ugonjwa mkubwa, UKIMWI, "kakanyaga waya", "ana ngoma". Utayasikia kwa watu wa umri wangu. Yaelewe tu, usiyatumie, hasa ukiwa umekaa kwenye benchi la hospitali hujui uliyekaa naye kaja kuchukua dawa gani.

Mgeni akishaingia ndani

Shangazi kafika, kamaliza vipimo vya kwanza, kaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Hapa ndo lugha ya ukarimu inaanza kufanya kazi ngumu.

Hodi, karibu, karibu ndani, karibu kiti, karibu maji. Ukikuta watu wanakula utaambiwa karibu tule, na kama ndo sufuria limeepuliwa sasa hivi utaambiwa mama mkwe wako anakupenda. Jibu la adabu sio hapana. Unanawa, unaonja matonge mawili, unasema nimeshiba asante. Ukikataa kabisa umewaambia chakula chao kina shida, na ukikaa mpaka sahani iishe kila siku saa saba kamili utaitwa mdoezi. Anayeingia kwenye harusi bila kadi huyo kazamia, hiyo nayo ni fani yake na wapo mabingwa.

Mwenyeji mchoyo ana mkono wa birika. Angalia mkono wa birika ulivyo, umejikunja, umerudi kwake, hata ukiminya vipi haunyooki. Mgeni asiyeondoka, asiyeosha hata kikombe, anakula analala, jina lake ndo hilo hilo, kula kulala. Hili halisemwi mbele yake. Linasemwa jikoni, na ukiwa mgeni ukasikia sufuria zinagongwa gongwa jikoni kuliko kawaida yake, umeshatajwa.

Wazee wa pwani walishaweka ratiba nzima kwenye ule wimbo wa mgeni. Siku ya kwanza mpe mchele na panza, panza ni samaki yule anayeruka. Siku ya nne mpe jembe akalime, ndo hapo tukafupisha tukasema mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, tumempunja siku. Siku ya tano mwembamba kama sindano, yani masengenyo yameshamkondesha. Siku ya kumi kwa mateke na magumi. Nikiimba nyumbani huu wimbo mke wangu ananikata jicho, kwa sababu shangazi anaujua kuliko mimi na siku ya nne kweli aliomba jembe, tukamwambia shangazi hapa Mbagala hamna shamba, akasema basi nipeni ufagio. Mgonjwa wa moyo anafagia uwanja saa kumi na mbili asubuhi, majirani wanapita wanatuangalia sisi.

Kwa hiyo kama ni mgonjwa umefikia kwa mtu, sentensi yako ya kujikinga ni "nipeni hata mchicha nichambue." Hawatakupa. Lakini umesema. Na kama we ndo mwenyeji, usiulize kamwe "unarudi lini", uliza "daktari kasemaje kuhusu tarehe", swali ni lile lile ila limepitia hospitali limetoka na adabu.

Usije ukajitetea kwa kusema "tungekutafutia gesti". Neno gesti limeharibika kitambo. Kwenye kibao ni nyumba ya wageni, mdomoni ni mambo ya saa mbili saa tatu watu wakitazama nyuma, na gesti bubu ndo usiseme, hiyo haina hata kibao. Ukimwambia shangazi wa miaka sitini kuwa utampeleka gesti umemtukana mara mbili. Loji angalau. Hoteli nayo ina utata wake, kwa watu wengi wa kwetu na Kenya hoteli ni pa kula, unaenda hotelini kupiga chapati na maharage, hulali. Shangazi nilimwambia jirani na hospitali kuna hoteli, akaniuliza wanauza supu?

Takrima na chai

Hii naipita haraka maana inachafua hewa. Takrima ni neno zuri kabisa, lina undugu na ukarimu, ni kile unachomkirimia mgeni. Halafu mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ikarekebishwa ikawaruhusu wagombea kutoa "takrima" kwa wapiga kura, pilau, khanga, soda, na watu wakaelewa haraka sana, mpaka Mahakama Kuu mwaka 2006 ikasema hapana, inapingana na Katiba. Sheria iliondoka, neno halikupona. Leo ukimwambia mtu nimekuletea takrima anaangalia mlango. Chai nayo hivyo hivyo huku na Kenya, ukiwa ofisini kwa mtu akakwambia "sasa hata chai hujatuachia?" jua kwenye begi haitafutwi themosi. Ila nyumbani kwa mtu chai ni chai, usiwe na wasiwasi, kunywa.

Kuondoka

Mgonjwa akitoka wodini mzima neno ni "ameruhusiwa." Usiseme katolewa, kutolewa kuna namna nyingi na moja ni ya kubebwa. "Wamempa ruhusa" pia sawa. Ndugu waliobaki kwenye vitanda utawaaga na "ugueni pole", na mgeni nyumbani akiondoka unamsindikiza, "ngoja nikutoe kidogo", na kukutoa huko sio kukufukuza, ni kutembea naye mpaka barabarani ukiwa umembebea mfuko, na hapo barabarani ndo mazungumzo yote ya maana hufanyika, yale ya hela, yale ya nani kamuoa nani, kwaiyo usivae ndala zilizokatika.

Mwishowe nakupa moja tu ambayo hakuna anayekufundisha. Karibu tena. Dukani inasemwa, hotelini inasemwa, nyumbani lazima. Hospitali haisemwi. Ulimi unajisahau, siku shangazi karuhusiwa, tuna mifuko, tuna cheti, tuna dawa, tumefika getini, mlinzi mzuri tu, kijana mwenye adabu zake, katufungulia geti akasema "haya mama, karibuni tena." Shangazi akasimama. Akaweka kikapu chini. Akamwangalia yule kijana akamwambia, "Mwanangu, kwangu ni Masasi, ukifika stendi uliza bodaboda yeyote, kuku yupo. Njoo wewe."